Ukuta Wenye Tumbo

Ukuta wa sebuleni ulikuwa na tumbo.

Mwanamke aliliona akiwa bado ng'ambo ya barabara, chupa ya chai mkono mmoja, mfuko wa vikombe mkono wa pili. Lori lilipita mbele yake, vumbi likapanda, likatua, na tumbo lilikuwa bado pale pale. Ukuta ulianza vizuri kutoka chini. Ulipofika usawa wa dirisha ukajitokeza nje kama mtu aliyeshiba, kisha kule juu ukajaribu kurudi ndani, usifike.

Yeye alikuwa fundi cherehani. Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna gauni lililotoka mlangoni kwake likiwa limepanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, hata mteja akisema haidhuru, hata mteja akisema amechelewa harusini. Jicho lake lilikuwa limekula miaka mingi likifuata mistari. Halikuwa jicho la kudanganyika na ukuta.

Alivuka barabara.

"Chai hiyo! Na mwenye nyumba mwenyewe!" sauti ilimpokea kutoka juu ya jukwaa la mbao. "Karibu, shemeji!"

"Starehe, shemeji. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa. Kazi tumezaliwa nayo."

Aliyekuwa akishuka jukwaani ni kaka mkubwa wa mumewe. Mafundi wote wa upande ule walimjua kwa jina moja, Wima, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na watu waliosimama mbele ya kuta zake wakakosa cha kusema. Hata mwendo wake ulikuwa wa wima: kifua mbele, shingo juu, mwiko mkononi kama fimbo ya mkuu wa jeshi. Nyuma yake walishuka vibarua wawili, mmoja mrefu na mmoja mnene, wakijipangusa saruji kwenye suruali.

"Itazame nyumba yako," Wima alisema, akipokea kikombe. "Kesho kutwa tunamwaga linta. Ule mkanda wa zege ukishazifunga hizi kuta juu, hapo hata Mungu akitaka kuzisogeza atatoa taarifa kwanza. Kisha mbao, kisha mabati. Mtahamia mnaimba."

Mama Pindo aliwamiminia vibarua. Alifunga chupa. Alifungua tena bila sababu, akafunga.

"Shemeji, nikuulize kitu. Usinichukie."

"Uliza."

"Huu ukuta wa sebuleni. Nauona kama umetoka, hapa katikati."

Kibarua mnene, aliyekuwa akipuliza chai yake, aliacha kupuliza.

"Umetoka?" Wima alicheka. "Umetoka kwenda wapi?"

"Sijui ulikokwenda. Ila mahali pake haupo."

Vibarua walicheka, kisha wakamtazama bosi wao kuhakikisha kama ilikuwa ruhusa.

"Shemeji yangu," Wima alisema kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto, "hiki si kitambaa. Macho yako yamezoea uzi. Ukuta ukiwa mtupu una makunyanzi yake, kama sisi tukiamka. Subiri plasta. Plasta ni poda ya nyumba. Ikishapakwa, huyo bibi harusi utamsahau alivyokuwa."

"Plasta itayafunika macho yangu. Mabati je? Uzito wote ule wa paa utakaa juu ya nini? Juu ya tumbo?"

Hapo boza la maji lilifika, likapiga honi, likarudi kinyumenyume hadi kwenye pipa. Dereva wake alikuwa mume wa Mama Pindo. Kila akipata nafasi kati ya wateja alipita kiwanjani kuwaletea maji ya kuchanganyia saruji, na kila mara alishuka akitabasamu, maana kwake kila tofali lililoongezeka lilikuwa kama ameongezwa yeye. Safari hii alishuka, akaziona nyuso, tabasamu likamkauka.

"Kuna nini, kaka?"

"Hakuna kitu. Mkeo anasema ukuta una mimba."

Mume aliutazama ukuta, akautazama mpira wa maji aliokuwa ameushika. Alichagua mpira.

"Kaka anajua kazi yake," alisema, akiuelekeza kwenye pipa.

Ni sentensi hiyo iliyomwasha Mama Pindo. Dharau ya shemeji angeweza kuimeza na kuimaliza kimya kimya njiani akirudi. Lakini mume wake mwenyewe, akiongea na pipa!

"Basi ubomolewe," alisema.

Maji yaliendelea kumwagika. Neno hilo husemwa na wenye tingatinga wanapokuja kuwahamisha watu. Husemwa na mahasimu wakigombea mpaka. Fundi haambiwi hivyo mbele ya vibarua wake, saruji ikiwa bado chini ya kucha zake.

Wima aliweka kikombe juu ya tofali. "Umesemaje?"

"Nimesema ubomolewe. Kuanzia chini ya dirisha kwenda juu. Ujengwe upya."

"Mimi, nibomoe." Alijigusa kifua. "Nimeacha kazi za watu wanaonilipa kamili, nimekuja kumjengea mdogo wangu kwa nusu ya malipo, na chai yenyewe ni hii ya kuhesabiwa vikombe. Halafu nibomoe."

"Tunakushukuru, shemeji. Kila siku tunakushukuru. Lakini nusu ya malipo si nusu ya ukuta."

"Mke wangu!" mume alisema.

"Mwache!" Wima alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Leteni pima maji."

Kibarua mrefu alimpa. Kilikuwa chombo chake cha siku nyingi, rula nene ya chuma yenye kichupa kidogo cha kioo, na ndani ya kichupa maji yenye kitone cha hewa. Kitone kikitulia katikati ya alama mbili, ukuta umesimama. Kikikimbia, umelala. Hata mtoto angeweza kusoma. Wima alikiegemeza ukutani, akainama, akakunja uso, akarudisha kichwa nyuma kidogo kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamechacha.

"Haya! Njooni wote!" alinguruma. "Katikati! Kimekaa katikati kama kitovu. Nani anabisha?"

Kitone kilikuwa kimekwenda pembeni kabisa, kimejibana ukingoni, kimevuka alama zote.

Kibarua mrefu alitazama miguu yake. Mnene alitazama miguu ya mrefu. Mume aliukazia macho mpira wa maji. Mama Pindo alimtazama shemeji yake usoni akitafuta uongo, maana uongo angejua la kuufanya. Hakuuona. Aliona uso wa mtu aliyeshinda kwa haki, uso mkunjufu, uliojaa fahari ya kazi yake. Hapo akaelewa, na kule kuelewa kukamuuma kuliko ukuta wenyewe. Wima hakuwa akidanganya. Alikuwa haoni.

Ulimi wake, uliokuwa mkali dakika ile ile, ulilala.

"Umenyamaza, shemeji?" Wima alisema. "Vizuri." Alirusha mwiko ndani ya ndoo. "Nyinyi wawili, kusanyeni vyombo. Sikanyagi hapa mpaka nisikie neno la radhi. Mnajua ninapoishi."

Aliondoka kwa mwendo wake ule ule, kifua mbele. Alipofika kwenye rundo la kokoto alijikwaa kidogo, akajifanya alikuwa anaruka.

*

Mama Pindo na mumewe walikuwa wamepanga vyumba viwili kwenye nyumba ndefu iliyogawanywa kama mkate. Cherehani ilikaa chini ya dirisha la chumba cha mbele, kitanda cha mama mkwe kikakaa nyuma ya cherehani, na mtu akitaka kupita ilimbidi mwingine avute pumzi ndani.

Jioni hiyo mama mwenye nyumba alibisha hodi na kuingia kabla hajaitikiwa. Kwapani alikuwa na kitambaa cha rangi ya dhahabu.

"Wapangaji wangu wazuri," alisema, "nimekuja kuwakumbusha tu. Kijana wangu anaoa, na vyumba hivi ndivyo nilivyomwahidi. Mwisho wa mwezi nataka nipake rangi. Nyumba yenu si inaisha?"

"Inaisha," mume alisema.

"Alhamdulillahi. Sasa, Mama Pindo, nimewaza. Wewe ni fundi, na dirisha lenyewe unalo hapo mbele yako. Si unishonee mapazia yao? Utapimia hapo hapo, hutapata hata shida ya kutembea."

Mume aliinua kichwa taratibu. Hata mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele kitandani, aliacha mkono ndani ya ungo. Mwanamke huyu alikuwa akiwafukuza, na alitaka wamshonee pazia la kufungia mlango nyuma yao.

Mama Pindo aliuchukua utepe shingoni, akasimama, akapima dirisha lake mwenyewe juu hadi chini, kisha upana.

"Pindo nene au jembamba?"

"Ah, lolote tu."

"Kwangu lolote haliko."

Mama mwenye nyumba alijikuna shingo. "Basi nene."

"Njoo kesho kutwa. Na bei ni ile ile ninayowatoza watu wote."

Mlango ulipofungwa, mume aliangua kicheko kilichokuwa karibu na kilio. "Hata aibu hana!"

"Aibu ni yake. Mapazia ni yangu, yatatoka sawa." Alikaa. Hakukanyaga cherehani. "Ulikiona kile kitone?"

Mume alivua viatu. Alivipanga. Alivipanga tena.

"Nilikiona."

"Kilikuwa wapi?"

"Pembeni."

"Na ukuta uliuona lini?"

"Juzi."

"Ukafanyaje?"

"Nikajaza pipa, nikaondoka." Alisema bila kumtazama. "Wewe unamjua kama shemeji. Mimi yule alinibeba mgongoni. Usukani alinifundisha yeye. Nitasimama mbele yake nimwambie nini? Kwamba mkono wake umeharibika?"

"Si mkono. Ni macho."

"Mwanangu si kipofu," mama mkwe alisema kutoka kitandani.

"Hakuna aliyesema kipofu, mama."

"Na asiseme." Alichambua punje kadhaa kwa hasira, akazirusha chini, kisha akaweka ungo pembeni. "Siku hizi akija hapa, sukari namtilia mwenyewe. Mmewahi kujiuliza kwa nini?"

Walimtazama.

"Alikuja siku moja nyinyi hampo. Akajitilia mwenyewe. Alichota kwenye kopo la chumvi. Vijiko vitatu, na nilikuwa hapa hapa namtazama! Nikasema, sasa atatema. Hakutema, wanangu. Alikunywa yote. Machozi yanamtoka, anakunywa, anasema, 'Mama, chai ya hapa ni tamu.' Na mimi mama mzima, nikamwambia, 'Karibu kingine.'"

Mume alicheka kwanza, kisha Mama Pindo, kisha mama mwenyewe, mpaka kitanda kikalia. Halafu mama akajifuta macho kwa ncha ya khanga na hakuendelea kucheka.

"Nilimwonea haya," alisema. "Sikilizeni. Mkimleta fundi mwingine auguse ule ukuta, mmemzika mwanangu akiwa anatembea. Watasema Wima ametolewa kwa mdogo wake. Nani atamwita tena?"

"Simleti fundi mwingine, mama."

"Amwage linta juu yake hivyo hivyo?"

"Hilo pia sikubali."

"Sasa wewe unataka nini, mwanamke?" mume alisema, mikono juu. "Hutaki huku, hutaki kule!"

"Nataka ukuta ulionyooka, na nataka aunyooshe aliyeupinda. Kesho nitaenda kwake."

"Kuomba radhi?"

"Kwa lile neno, ndiyo. Kwa ukuta, siombi."

"Twende wote basi."

Mama Pindo alitikisa kichwa. "Tukienda wote tutamkuta kaka yako. Nikienda mwenyewe nitamkuta fundi."

Alikanyaga cherehani. Kitambaa cha dhahabu kikaanza kupita chini ya sindano, na pindo lake lilikuwa nene, na lilikuwa sawa.

*

Wima alikuwa uani kwake, amekaa kwenye benchi, redio imewashwa kwa sauti ndogo. Vyombo vyake vyote vilikuwa vimeoshwa na kupangwa ukutani: miko, timazi na uzi wake, nyundo, pima maji. Vilikuwa safi mno kwa siku ya kazi.

"Hodi."

"Karibu. Umekuja na lile neno?"

"Nimekuja nalo." Alibaki amesimama. "Niwie radhi, shemeji. Kukwambia ubomoe, mbele ya watu wako, nilikosea. Halikuwa neno la kuambiwa wewe."

Wima alizima redio. Mabega yake yalishuka kidogo, na ikaonekana kwamba alikuwa ameyashikilia juu tangu jana.

"Yamekwisha. Kaa. Kesho tunamwaga linta."

Alikaa upande wa pili wa benchi. "Yamekwisha ya neno. Bado ya ukuta."

"Shemeji!"

"Nisikilize kwanza, kisha unifukuze. Mimi nikikosea mkono wa gauni, unajua ninavyofanya?"

"Nitajuaje mambo ya magauni?"

"Nafumua. Nachukua wembe, natoa uzi mmoja mmoja, taratibu, kitambaa kinabaki kizima. Halafu nashona tena. Hakuna fundi wa nguo asiyefumua, shemeji. Asiyefumua ni muuza mitumba. Na nafumua mwenyewe. Siku atakapokuja mwingine kunifumulia kazi yangu, siku hiyo nitauza cherehani." Alimgeukia. "Jana nilikosa neno. Sitaki ukuta wako ubomolewe. Nataka ufumuliwe. Na wewe ndiye uufumue."

Wima alilitafuna lile neno.

"Ukuta haufumuliwi," alisema hatimaye, lakini sauti haikuwa na ngurumo.

"Saruji yake bado changa. Ukiyabembeleza, matofali yatatoka mazima."

"Hilo nani amekufundisha?"

"Nimekuletea chai tangu msingi. Unadhani nilikuwa naleta chai tu?"

Kona ya mdomo wa Wima ilicheza, ikaacha. Alitazama ukutani, pale vyombo vilipopangwa.

"Pima maji ilisema katikati," alisema polepole. Hakuwa anabisha tena. Alikuwa anauliza.

Mama Pindo angeweza kuondoka na radhi yake, amani ya ukoo mfukoni, na kulala maisha yake yote chini ya ule ukuta.

"Ilisema pembeni, shemeji. Pembeni kabisa."

Ndani ya nyumba ya jirani mtu alikuwa akisugua sufuria. Alisugua, akasuuza, akaanza nyingine.

"Wale vijana waliona?"

"Waliona."

"Mdogo wangu?"

"Aliona."

"Wakanyamaza."

"Wanakuheshimu."

"Hiyo ndiyo heshima?" Wima alisimama, benchi likayumba. "Wanaume watatu! Wananitazama nasimama nasoma upuuzi kwa sauti, nauliza nani anabisha, na wote wameangalia chini kama wanatafuta sarafu! Siku zote hizi wanaona, wananiacha nijenge takataka kwa jina langu! Hiyo ni heshima?" Alienda hadi ukutani, akarudi. "Wewe peke yako ndiye uliyeniambia."

"Na nilikwambia vibaya."

"Lakini ulisema!"

Mama Pindo alitoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitambaa cha dhahabu, akakiweka juu ya benchi.

"Nini hicho?"

"Miwani. Ya kuonea vitu vya karibu. Nimenunua njiani kwa yule mchuuzi anayetembeza sinia."

"Miwani ni ya wazee."

Mama Pindo alivuta miwani yake mwenyewe kutoka kichwani, akaivaa, akamtazama kupitia vioo. "Navaa hii tangu nilipokishona kidole changu pamoja na sketi ya mteja. Mimi ni mzee?"

"Wewe hapana," Wima alisema haraka, kwa adabu.

"Basi."

Wima hakukigusa kile kifurushi. Alikitazama kama mtu anavyotazama mbwa asiyemjua.

"Nenda, shemeji," alisema. "Umeshasema. Nenda."

Akaenda, bila kujua alichokiacha nyuma.

*

Siku ya linta, mashine ya kukoroga zege ililetwa mapema na kuachwa kando ya barabara. Vibarua wawili walikaa juu ya mifuko ya saruji. Mume aliegesha boza na hakushuka. Mama mkwe alikuja na kigoda chake, akakaa mbele ya kiwanja kana kwamba amekuja kuamua kesi. Mama Pindo alisimama karibu na ukuta wenye tumbo, mikono nyuma.

"Hatakuja," mume alisema kupitia dirisha la gari.

"Funga mdomo wako," mama yake alimjibu. "Uliutunza vizuri juzi, utunze na leo."

Alikuja. Walimwona kutoka mbali, kifua mbele, begi la vyombo begani. Aliwapita wote bila salamu, isipokuwa mama yake, aliyemwamkia kwa kuinama. Akafika mbele ya ukuta, akaweka begi chini, akaingiza mkono mfukoni mwa shati na kutoa miwani. Akageuka kuwatazama.

"Anayetaka kucheka acheke sasa hivi. Nikianza kazi sitaki kelele."

Akaivaa. Ilimkaa vibaya kidogo, upande mmoja juu.

"Umependeza, bosi," kibarua mnene alisema.

"Wewe ndiye unyamaze kabisa! Nitakapotaka kusifiwa na mtu aliyemeza ulimi, nitakuita."

Alichukua pima maji, akaiegemeza. Akainama. Safari hii hakurudisha kichwa nyuma. Alitazama kwa muda mrefu, akaihamisha juu, akatazama, akaihamisha chini. Akapitisha kiganja kwenye matofali kama anavyopapaswa mgonjwa tumbo. Sikio lake lilikuwa limeiva kwa haya.

"Shemeji."

"Abee."

"Tumbo lenyewe ni kubwa kuliko ulivyosema."

"Nilikuwa nakuheshimu."

Mama mkwe alikohoa kicheko. Wima alitikisa kichwa, akavuta pumzi ndefu, na wakamwona akinyooka pole pole, sehemu kwa sehemu, magoti, kiuno, mgongo, shingo, mpaka akawa yule yule mwenye jina.

"Rudisheni hiyo mashine ilikotoka. Leo hakuna zege. Wewe!" Alielekeza mwiko kwenye boza. "Shuka. Uliona juzi ukaendelea kujaza pipa. Leo utapokea matofali, moja moja, na likivunjika hata moja utanieleza."

Mume alishuka akikunja mikono ya shati, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunguliwa kamba.

Tofali la kwanza Wima alilitoa mwenyewe. Alipiga patasi kwenye saruji kwa vipigo vidogo vidogo, akalitikisa, likaachia zima. Alilishika kwa mikono miwili, akalitazama, akampa mdogo wake. La pili. La tatu. Hakumruhusu kibarua yeyote kupanda jukwaani.

Fundi wa mabomba, mtu mwenye mdomo, alikuwa akipita na baiskeli yake. Akafunga breki.

"Ee, Wima! Unabomoa nyumba ya mdogo wako? Mmegombana?"

"Nafumua," Wima alisema bila kugeuka.

"Unafanya nini?"

"Nafumua! Ungekuwa fundi ungejua. Pita zako, mabomba yako yanavuja."

Kufikia mchana ukuta ulikuwa umeshuka hadi chini ya dirisha. Akavuta kamba mpya kutoka kona hadi kona, akaipiga kwa kidole ikalia, akaanza kupanda tena. Alilaza tofali, akapima, akainama na miwani yake iliyopinda, akaligonga kwa mpini wa mwiko mpaka lilipotii. Mume alichanganya saruji. Mama Pindo alipitisha maji. Siku mbili walifanya hivyo, na siku ya pili jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, Wima aliruka chini, akarudi nyuma hadi barabarani, akamwita Mama Pindo.

"Njoo usimame hapa. Toa kasoro."

Alisimama. Alifumba jicho moja, kama anavyofanya mbele ya gauni lililotundikwa. Aliufuata ukuta kutoka chini, usawa wa dirisha, hadi juu. Jicho lake lilipanda bila kukwama popote.

"Sina," alisema.

"Tafuta vizuri."

"Nimetafuta. Sina, shemeji."

Mume alikuja akasimama kati yao, saruji mpaka kwenye nywele. "Pesa ya plasta imekwenda kwenye saruji," alisema, bila huzuni. "Na mwisho wa mwezi umekaribia."

"Paa likishapanda tutahamia hivyo hivyo," Mama Pindo alisema. "Ukae mtupu watu wauone. Hauna cha kuficha."

Mama mkwe aliinua kigoda chake, tayari kwenda. Vibarua waliosha miko. Wakageuka kumuaga Wima, hayupo. Pima maji nayo haikuwepo. Walisikia nyayo zake ndani, zikipita chumba hadi chumba: hatua chache, kimya, hatua chache, kimya. Kisha kimya kirefu. Kisha mlio wa patasi kwenye saruji, vipigo vidogo vidogo, kutoka nyuma ya nyumba.

Mume alikimbia, wengine wakamfuata. Walimkuta kwenye kile chumba kidogo cha kuogea, amepiga magoti, miwani imeshuka puani, tofali la kwanza limekwisha kutoka na liko pembeni, zima.

"Kaka! Huo wa bafuni unautoa wa nini? Huo hakuna aliyeulalamikia!"

Wima alisukuma miwani juu kwa kifundo cha mkono, akaweka patasi kwenye tofali la pili.

"Nimelalamika mimi," alisema.